Kuzunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa Basi, Treni na Meli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu wanaoishi Dar, Nairobi, Mwanza, Kampala au Bujumbura, ambao wameyaona maporomoko, volkano na maziwa ya bara hili zaidi kwenye runinga kuliko kwa macho. Majibu yanahusu ukanda unaoanzia Kenya na Uganda hadi Maporomoko ya Victoria, kwa kuwa huo unafikika bila kupanda ndege. Namibia, Lesotho, Ethiopia na Afrika Magharibi zinastahili kurasa zao zenyewe.

Kutalii si kwa wageni wenye dola?

Hapana. Katika hifadhi za Tanzania, Kenya na Uganda, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na makumi ya dola anayolipa mgeni kutoka mbali. Chukua kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ukifika getini mikono mitupu, ofisa hana namna ya kujua wewe ni raia wa wapi, na utatozwa bei ya mgeni.

Kinachoumiza mfuko ni gari. Serengeti au Ngorongoro huzunguki kwa miguu, na gari la kukodi kwa siku hugharimu mara nyingi zaidi ya kiingilio. Dawa yake ni kuchangishana: tafuta wenzako watano au sita, kodini gari moja, na hesabu itawezekana. Vikundi vya kazini, vya kanisani na vya mtaani hufanya hivi kila sikukuu.

Zipo pia njia ambazo hazikudai gari la kukodi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ukiwa ndani ya basi la kawaida, asubuhi au jioni, utaona swala, pundamilia, twiga, na mara kwa mara tembo wakila hatua chache kutoka kwenye lami. Treni ya SGR ya Nairobi–Mombasa, inayofanya kazi tangu mwaka 2017, inapita Tsavo, nchi ya tembo waliojipaka udongo mwekundu. Na pale Naivasha, Hifadhi ya Hell's Gate inakuruhusu kuingia kwa baiskeli na kupita kando ya pundamilia na twiga bila kioo kati yenu. Kwa kijana mwenye bajeti ndogo, sijui hifadhi nyingine Kenya inayompa mengi namna hiyo kwa siku moja.

Niende msimu gani?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo, kabla ya nauli na kabla ya hoteli. Watu wengi hupanga safari kwa kufuata likizo ya kazini, kisha wanafika mahali pazuri kwa wakati usio wake na kurudi wakisema pamesifiwa bure. Panga kwa mvua.

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni msimu wa wanyama. Nyasi ni fupi, maji yamebaki kwenye mito na madimbwi machache, kwa hiyo wanyama wanakusanyika. Nyumbu wa Serengeti, ambao ni zaidi ya milioni moja, huvuka Mto Mara kati ya Julai na Septemba au Oktoba. Lakini ukitaka kuwaona wakizaa, nenda mwishoni mwa Januari na Februari kwenye mbuga za nyasi fupi za Ndutu, kusini. Ndama huzaliwa kwa maelfu ndani ya wiki chache, husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, na fisi na duma wako hapo hapo wakisubiri.

Maua ya Kitulo yana kalenda tofauti kabisa. Uwanda huo wa juu kati ya Mbeya na Njombe, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua. Ukienda Agosti utakuta nyasi za kahawia na baridi kali. Ukienda Februari utaloa na utatembea kwenye matope, lakini utaona okidi za rangi usizozitarajia mahali pa namna ile. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni miongoni mwa chache Afrika zilizowekwa hasa kwa ajili ya mimea.

Maporomoko ya Victoria nayo yanafuata mvua za mbali, za Angola na kaskazini magharibi mwa Zambia. Maji hayo huchukua muda kufika, ndiyo maana mto hujaa sana Aprili wakati mvua za pale zimeshakwisha. Machi hadi Mei utaloa mwili mzima, na mvuke unaweza kuwa mzito kiasi cha kuyaficha maporomoko yenyewe. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu kwa sehemu kubwa, huku upande wa Zimbabwe maji yakiendelea kuanguka. Ningeambiwa nichague, ningekwenda Juni au Julai: maji bado mengi, anga limeanza kutakata.

Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kukwepa kila mahali. Loji nyingi hushusha bei, milima ya Usambara inakuwa kijani kibichi, na barabara za lami zinapitika. Zinazokuangusha ni barabara za udongo.

Nahitaji pasipoti au kitambulisho kinatosha?

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Kwingine kote beba pasipoti. Mtanzania asiye na pasipoti anaweza kuomba hati ya dharura ya kusafiria katika ofisi za Uhamiaji kwa safari za nchi jirani, lakini ukiwa na mpango wa kufika Zambia na zaidi, pasipoti itakuokolea usumbufu. Watanzania hawahitaji viza kuingia Zambia, Malawi wala Zimbabwe. Kwa raia wa nchi nyingine, uliza ubalozi husika muda mfupi kabla ya kuondoka, kwani kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara.

Cheti cha homa ya manjano kinaisha baada ya miaka kumi?

Zamani ndiyo. Tangu Julai 2016, kwa uamuzi wa Shirika la Afya Duniani, chanjo moja inatambulika maisha yote, hata kama cheti chako kiliandikwa miaka kumi. Chanja angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, kwa sababu cheti huanza kutambulika baada ya hapo. Hakikisha kimegongwa muhuri wa kituo kinachotambulika. Cheti cha kununua mpakani bila sindano ni hatari kwa maisha yako, na maofisa wanavifahamu.

Nikiwa na wiki mbili tu, nianze na njia gani?

Kwa anayeanzia Dar, namshauri aelekee Nyanda za Juu Kusini. Kila mtu hukimbilia Arusha, na Arusha haina ubaya, ila kusini ndiko unakopata mbuga, mlima, ziwa na msitu kwa nauli ya basi la kawaida.

Panda basi la alfajiri, si la usiku, na omba kiti cha dirishani. Baada ya Mikumi utashuka kwenye Bonde la Ruaha, ambako mibuyu imesimama pande zote mbili za barabara kwa kilomita nyingi. Halafu unaanza mlima wa Kitonga. Gari linapanda kwa gia ndogo, linakata kona baada ya kona, na chini yako unaliona bonde lote ulikotoka na malori yanayokuja nyuma yakiwa madogo. Joto la bondeni linabaki kule, na ukifika juu unatafuta sweta.

Mbeya iwe kambi yako. Ukishuka kuelekea Tukuyu utapita mashamba ya chai na migomba, Mlima Rungwe ukiwa kando yako, karibu mita 3,000 kwenda juu. Ziwa Ngozi liko ndani ya kasoko ya volkano: unatembea msituni kwa kupanda, hulioni hadi unapofika ukingoni, ndipo maji ya kijani yanatokea chini kabisa yakiwa yamezungukwa na kuta za miti. Chukua kijana wa pale akuongoze, maana njia huteleza. Kiwira kuna Daraja la Mungu, mwamba wa lava uliopinda juu ya mto na maji yakatoboa njia yake chini.

Mwisho shuka hadi Kyela na Matema. Huko Ziwa Nyasa, lenye kina cha takriban mita 700, linakutana na Milima ya Livingstone inayosimama wima kutoka majini. Mitumbwi huleta vyungu vya Wakisi, vilivyofinyangwa na kuchomwa na wanawake wa pwani ile ya ziwa, na kuvipanga kwa mafungu mchangani. Nunua kimoja kwa mama aliyekifinyanga mwenyewe. Kikifungwa vizuri kwa nguo kinafika Dar kizima. Kaa Matema siku tatu au nne. Wanaokaa usiku mmoja huondoka wakiwa wamechoka na barabara tu.

TAZARA bado inafaa?

Inafaa, kwa mwenye subira. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976. Miundombinu imechakaa na huduma ya abiria imekuwa ikisimama na kurudi, kwa hiyo usikamilishe mpango wowote kabla ya kuuliza stesheni yenyewe kama treni inatembea wiki hiyo. Na usiweke miadi siku ya kufika.

Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa familia au kikundi kilichonunua chumba kizima. Beba shuka, maji ya kutosha, tochi na kufuli.

Kwa uzuri wa nchi, hakuna safari ya ardhini ninayoipenda kuliko hii. Treni inakata ardhi ya Hifadhi ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu kubwa ya Pori la Selous, na jua likiwa bado lipo utaona twiga na swala wakiitazama treni bila kukimbia. Usiku unaingia Bonde la Kilombero. Mlimba wachuuzi wanakuja madirishani na ndizi, wali uliofungwa, mahindi ya kuchemsha. Kati ya Mlimba na Makambako ndipo kazi ya wahandisi ilipokuwa ngumu kuliko kwingine. Reli inapanda ukuta wa milima, na mahandaki na madaraja yanafuatana: giza, mwanga, bonde refu upande mmoja, giza tena. Wazee waliofanya kazi kwenye ujenzi ule bado wapo katika miji ya njiani, na ukimpata mmoja anayependa kuongea, muache aongee.

Tunduma na Nakonde maofisa hushughulikia hati zenu, na wabadilisha fedha hupita na mabunda ya kwacha. Kutoka Kapiri Mposhi kuna mabasi hadi Lusaka, na kutoka Lusaka hadi Livingstone ni siku nzima ya barabara.

Kati ya Maporomoko ya Victoria na ya Kalambo, niende wapi?

Ukiweza, kote. Victoria ni pana: mita 1,708 kwa upana na takriban 108 kwenda chini, na ukisimama mbele yake unasikia mtetemo miguuni. Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia karibu na kona ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ni utepe mmoja wa maji unaoanguka zaidi ya mita 200 bila kugusa mwamba, yaani kina chake ni mara mbili ya Victoria. Kutoka Sumbawanga unapitia Matai. Wakati wa mvua maji yanaunguruma, na kiangazi yanapungua lakini makorongo wakubwa aina ya marabu hutaga kwenye kuta za genge.

Kuna sababu nyingine ya kwenda. Juu kidogo ya maporomoko hayo, wanaakiolojia walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kukaa moja juu ya jingine kama kiungo cha useremala. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliyapa umri wa angalau miaka 476,000. Ni kabla ya binadamu wa aina yetu kuwapo. Watanzania wanaojua Olduvai lakini hawajawahi kusikia Kalambo ni wengi, na inaniuma, kwa sababu hazina hii ipo hatua chache kutoka kwenye ardhi yetu na wageni wengi bado hawajaifikia.

Vipi kuhusu gorila?

Gorila wa milimani ni zaidi kidogo ya 1,000 duniani kote, na wote wanaishi Bwindi na katika safu ya Virunga inayogawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo. Mgeni wa mbali hulipa dola 800 Uganda na 1,500 Rwanda kwa kibali cha siku moja. Raia wa Afrika Mashariki wana bei yao, nafuu mno. Ombeni mapema, kwa sababu kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, tena kwa saa moja tu.

Mwenye mafua asiende, hata kama ameshalipa. Magonjwa yetu ya kifua yanawaua. Mavazi: suruali nzito iliyochomekwa ndani ya soksi, glavu za bustani kwa ajili ya upupu na miiba, koti la mvua. Bwindi ni mteremko na matope, na kuna siku mtatembea nusu saa, kuna siku mtatembea saa sita.

Je, lazima nipande Kilimanjaro hadi kileleni?

Si lazima. Wengi hutosheka na safari ya siku moja kutoka geti la Marangu hadi Mandara, msituni, na kurudi. Anayekwenda Uhuru, mita 5,895, aelewe kwamba ujana na mazoezi havimkingi na ugonjwa wa mwinuko. Chagua ratiba ndefu. Kwa njia ya Marangu, siku ya ziada ya kupumzika Horombo, kwenye mita 3,720, ina faida kuliko viatu vya bei. Kichwa kikiuma, mwambie kiongozi wako. Ukianza kutapika, kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka saa ile ile, hata usiku. Kileleni kunaganda, kwa hiyo jaketi la kuazima linalopitisha upepo halifai.

Wapagazi wabebe mizigo ya uzito uliopangwa, wale na walale vizuri. Kabla ya kulipa kampuni, uliza wanalipwa kiasi gani. Anayekwepa swali hilo, tafuta mwingine.

Naweza kuogelea kwenye maziwa?

Uliza wavuvi wa pale kwanza, si mwenye hoteli. Mamba na viboko wapo Victoria, Tanganyika na Nyasa, na wavuvi wanajua ghuba zao. Kichocho kiko sehemu nyingi zenye majani na maji yaliyotulia, hasa karibu na vijiji. Ukiwa umeingia majini, pima hospitali wiki kadhaa baadaye, tiba yake ni rahisi. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani, na maji yake ni angavu kiasi kwamba unawaona samaki wadogo wa rangi ukiwa umesimama hadi kiunoni. Maziwa ya magadi kama Natron hayaogeleki kabisa.

Mashariki mwa Kongo je? Nataka kuona Nyiragongo.

Subiri. Volkano hiyo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na vita vya Kivu vimeufanya usalama wa Goma na hifadhi ya Virunga usitabirike. Nasema hivi kwa huzuni, kwani watu wa kule ni ndugu zetu wa lugha na nchi yao ni miongoni mwa nzuri kuliko zote. Kwa sasa Ziwa Kivu litazame kutoka upande wa Rwanda: Karongi na Rusizi zina ghuba na visiwa vya kukuweka siku kadhaa.

Nikienda na gari langu?

Pata bima ya COMESA inayotambulika nchi za njiani, kadi ya gari yenye jina lako au barua ya mwenye gari, na pembetatu mbili za tahadhari. Kumbuka kubadilisha upande: Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Pale Rusumo, ukitoka Tanzania kwenda Rwanda, unaingia darajani ukiwa kushoto, Mto Kagera ukianguka chini yako, na ukitoka unatakiwa uwe kulia. Punguza mwendo, mwache dereva wa mbele akuonyeshe.

Kiswahili kitanifikisha wapi?

Mbali. Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura, Nakonde na vijiji vya kaskazini mwa Msumbiji utaelewana na watu, ingawa lafudhi na maneno yatatofautiana. Kigali sokoni wengi wanakisikia. Kampala jaribu, lakini Kiingereza au Kiganda vitakusaidia zaidi. Kokote ufikapo, salamu kwanza, na mkubwa umwamkie.

Kuna vitu nisivyobeba?

Mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na Kenya imezuia pia chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi tangu 2020. Droni usibebe bila kibali cha maandishi cha kila nchi, maana utanyang'anywa. Usipige picha vituo vya mpakani, madaraja yenye walinzi wala askari.

Watoto wanaruhusiwa?

Karibu kote, na viingilio vyao ni vidogo zaidi. Kwa gorila, umri wa chini ni miaka 15. Kwa wadogo nashauri Naivasha, Mikumi, Lushoto na Matema, ambako hawatakaa garini kutwa. Waandalie neti, na ikiwa mnatoka mahali pa baridi kama Nairobi au Njombe kwenda chini ziwani, mwone daktari kuhusu kinga ya malaria kabla ya kuondoka, kwa sababu mtoto aliyekulia mwinukoni hana kinga aliyonayo wa ziwani.